Kiatu Kilichonyamaza

SEHEMU YA SITA

Guu likashuka. Kimya.

Si kimya cha watu wanaosubiri. Ni kimya cha watu wanaojiuliza kama wamekosea ukumbi.

Wewe uliyefungia sabuni gazeti la wiki iliyopita kabla hujalisoma, sikiliza upesi, maana hatuna muda. Bwana Guu ni mchekeshaji wa kundi la mchezo wa nyimbo linalozunguka mji hadi mji. Anacheza mtumishi wa nyumba ya tajiri, asiyesema neno, anayenyata kuiba barua ya mapenzi mezani kwa bosi wake huku nyumba nzima imelala. Kila akikanyaga kwa mguu wa kushoto, kiatu kinalia: kwiii! Ngoma inajibu: du! Tajiri anajigeuza kitandani. Watu wanashika mbavu. Milio saba tu, lakini kuna watu wanakata tiketi kwa ajili ya milio hiyo saba.

Fundi Viatu alikuwa ameisikia mara kumi na moja katika miaka tisa. Na miaka yote hiyo aliapa kwamba mlio ule ni wa mpiga zumari aliyefichwa kwenye bendi. "Kiatu hakiwezi kulia kwa mpangilio namna ile," aliwaambia wateja wake. "Mimi ni fundi. Nasema ninachokijua."

Sasa juzi mama wa mavazi wa kundi hilo akamletea vile viatu abadilishe visigino. Akamnong'oneza kwamba Meneja anatafuta sababu ya kumtoa Bwana Guu ili ampe nafasi mpwa wake, na maonyesho mawili ya leo ndiyo mtihani. Fundi akakikunja kile cha kushoto mikononi, akasikia kinalia, akaona aibu kwa niaba ya mtu mkubwa. Akafungua soli. Akatoa kitu kinachopiga kelele. Akashona upya bila kuombwa na mtu, kwa mapenzi tupu.

Na leo, onyesho la saa nane mchana, kiatu kimenyamaza kama mto wa kulalia.

Bwana Guu aliinua mguu, akaushusha tena. Hakuna kitu. Mpiga ngoma alibaki na fimbo yake hewani kama mtu anayesubiri kuitwa jina. Tajiri kitandani akafungua jicho moja, akalifunga.

Kule nyuma, karibu na mlango, Meneja alikunja mikono kifuani. Pembeni yake, mpwa wake alikuwa ameshaanza kunyoosha viungo.

"Kiatu hakikulia," mke wa Fundi alinong'ona.

Fundi hakujiuliza mkewe amejuaje kwamba kiatu kilitakiwa kulia. Mwanamke huyu alikataa kuja miaka tisa. "Siwezi kuacha nguo kwenye maji nikamwangalie mtu mzima ananyata," ndivyo alivyokuwa akisema. Leo asubuhi alivaa mwenyewe, akachukua mkoba, akasimama mlangoni akisema, "Twende, tutachelewa." Mume mwenye akili zilizotulia angeuliza. Za Fundi zilikuwa jukwaani.

Akasimama.

"Unakwenda wapi?" mkewe akamvuta shati.

"Nje."

"Kaa chini, unawaziba watu."

"Nimemmaliza yule mzee, mama. Siwezi kukaa niangalie."

Akajipenyeza katikati ya magoti ya watu, akaomba radhi mara nane, akafika kwenye njia ya katikati. Akapiga hatua ya kwanza kuelekea mlango wa pembeni.

Kwiii!

Ukumbi mzima ukageuka.

Ndugu msomaji, Fundi alikuwa amevaa viatu vyake mwenyewe. Viatu ambavyo alijiahidi kuvitengeneza tangu mwaka juzi. Vya wateja kwanza, vyake baadaye, na hiyo baadaye haikuwahi kufika.

Mwigizaji mwingine angebabaika. Bwana Guu hakubabaika. Aliinua mguu wake wa kushoto taratibu, akauangalia kama mzazi aliyemwita mtoto chumbani akamsikia anaitikia jikoni. Kisha akamwangalia Fundi. Kisha akauangalia mguu tena.

Mpiga ngoma, Mungu amweke, akapiga: du!

Mtu mmoja akacheka.

Fundi akajaribu kusogea kidogo kidogo. Kwiii! Palepale Bwana Guu naye akakanyaga jukwaani. Du! Fundi akasimama. Bwana Guu akasimama, mguu mmoja hewani. Fundi akaona bora akimbie yaishe. Kwi-kwi-kwi! Bwana Guu akakimbia mbio fupi za papo hapo, du-du-du, na tajiri akaanguka kutoka kitandani, kitu ambacho hakikuandikwa popote kwenye mchezo.

Kufikia mlio wa saba, mama mmoja wa safu ya mbele alikuwa amevua miwani afute machozi. Fundi alitokomea mlangoni akitoka jasho, hajui acheke au alie.

Akaangukia mikononi mwa mama wa mavazi.

"Wewe!" yule mama akamkamata ukosi. "Nilikwambia visigino. Vi-si-gi-no! Nani alikwambia uingie ndani ya soli?"

"Nilitaka kusaidia."

"Umesaidia. Sasa njoo ukasaidiwe."

* * *

Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa na kioo kilichopasuka kona, kamba ya nguo na kiti kimoja. Bwana Guu alikuwa amekikalia kiti hicho, anafuta unga usoni. Bila masharubu ya bandia alikuwa mtu wa kawaida kabisa, mwenye uso wa karani wa posta. Hakuwa anatabasamu.

Kwa miaka tisa Fundi alikuwa ameandaa maneno ya kumwambia siku watakayokutana. Aliyarudia dukani huku akipiga misumari. Sasa yote yakayeyuka.

"Ni wewe uliyekitengeneza?"

"Ni mimi."

"Umekitengeneza vizuri sana," Bwana Guu alisema, kwa sauti ya mgonjwa anayemshukuru daktari aliyemng'oa jino zima.

"Nilidhani mlio ni wa zumari."

"Zumari? Bendi yetu haina hata filimbi."

Fundi akashika kofia yake kwa mikono miwili. Maneno yakamtoka ovyo, si yale aliyoyaandaa.

"Mzee wangu, mimi shule niliacha mapema, kusifu watu sijui. Lakini kuna mlio wa tatu. Kabla hujakanyaga, unapepesa jicho la kushoto. Mara moja tu. Wachekeshaji wengine wanakimbiza kicheko kama watu walioachwa na gari. Wewe unakisubiri. Umeshajua kinakuja, umekaa zako. Mwaka ule maji yalipoingia dukani kwangu, viatu vya watu arobaini vikavimba vyote, nilitaka kufunga nikalime. Mkafika. Nikaja nikaona lile jicho. Kesho yake nikafungua duka."

Bwana Guu aliacha kufuta uso.

"Jicho lile," akasema polepole, "mke wa mpiga ngoma, anayetuangalia kila usiku, hajaliona. Mpiga ngoma hajaliona. Miaka yote hii nilijua nalipepesa peke yangu."

Mama wa mavazi akajifanya anatafuta pini.

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Meneja.

"Wamecheka, sikatai," akasema. "Lakini wamemcheka nani? Wewe au fundi viatu? Jioni saa kumi na mbili nataka mlio utoke kwenye kiatu chako, mguuni kwako, mara saba. Usipotoka, mji unaofuata anaingia mpwa wangu, na wewe utarudi kwenu kupumzika." Akamgeukia Fundi. "Na wewe usikanyage ukumbi wangu tena. Hivyo viatu vyako nitavisikia hata nikiwa bafuni."

Akatoka. Kwenye ukumbi, mpwa wake alisikika akiruka sarakasi. Pu!

"Chukua vyangu!" Fundi akavua vyake palepale. "Vinalia vyote viwili, kulia na kushoto."

Bwana Guu akaingiza vidole vitatu. Havikwenda zaidi. Mama wa mavazi akasukuma kisigino kwa goti, Fundi akavuta kwa mbele, Bwana Guu akashikilia kioo.

"Basi," akasema mwishowe. "Hawakuniita Guu kwa bahati mbaya."

Saa ya ukutani ilisema saa kumi kasoro robo.

* * *

Duka la Fundi halikuwa mbali: chumba kimoja, mlango wa mbao wa mikunjo miwili, benchi la kazi, chuma cha kupigia viatu, na stuli ya mteja ambayo mguu wake mmoja ulikuwa soli zilizopangwa juu kwa juu. Bwana Guu alikalia stuli hiyo. Mke wa Fundi, aliyewafuata kutoka ukumbini bila kusema kitu, alisimama mlangoni na mkoba wake kifuani.

Fundi akafungua soli tena. Akapaka utomvu, akakunja. Kimya. Akalegeza misumari. Kikatoa sauti kama ya mtu anayemeza mate. Akaloanisha ngozi. Kikatoa sauti nyingine ambayo, kwa heshima ya wasomaji wenye watoto, siitaji.

"Hiyo nayo watacheka," Bwana Guu akasema.

"Hapana, mzee. Si kicheko chako hicho."

"Ulichokitoa mle ndani kiko wapi?" mkewe akauliza kutoka mlangoni.

Fundi akamwaga gunia la vipande vya ngozi sakafuni, akatambaa kwa magoti, akakipata. Vipande viwili vidogo vya ngozi kavu, vyembamba, vimeshonwa pamoja ukingoni na kupakwa kitu cheusi katikati. Lakini alikuwa amevikata kwa kisu juzi, aone kuna nini. Vilikufa.

Akavileta kwenye mwanga. Na hapo, ndugu zangu, akavigeuza mara mbili, akavisogeza karibu na jicho.

Alikuwa akitafuta jinsi ya kuiga mshono ule. Kumbe aliujua. Uzi ulirudi nyuma mara mbili kila baada ya tundu la tatu, na fundo limefichwa ndani ya mkunjo. Mshono huo ulikuwa kwenye aproni aliyoivaa. Ulikuwa kwenye mfuko wake wa misumari. Ulikuwa kwenye kola ya shati lake la harusi.

Hakuna duniani mtu mwingine aliyeshona hivyo ila binti wa fundi aliyemfundisha kazi. Na binti huyo alikuwa amesimama mlangoni na mkoba.

"Mama," akasema taratibu. "Huyu mtu unamjua?"

Mkewe alifungua mkoba, akatoa leso, akafungua leso, akatoa vipande viwili vidogo vya ngozi kavu vilivyoshonwa ukingoni. Akaviweka juu ya benchi.

"Hicho ulichokata kilikuwa cha kushoto," akasema. "Hiki ni cha kulia. Hakikuchukuliwa."

Bwana Guu alisimama. Stuli ikaanguka.

"Binti wa fundi," akasema.

"Umenenepa," mke wa Fundi akamwambia.

Fundi akaweka msharasi wake chini, ile sindano nene ya kutobolea ngozi. Akakunja mikono.

"Sishoni," akasema. "Mchekeshaji ninayempenda kuliko wote, na mke ninayempenda kuliko wote, na mkoba wa mke wangu una mlio wa kiatu cha mwanamume. Sishoni mpaka niambiwe."

"Saa kumi na moja imefika," Bwana Guu akasema.

"Basi ongea haraka."

"Nilikuwa kijana," Bwana Guu akaanza. "Kundi lilinipa nafasi ya mtumishi asiyesema neno. Napita jukwaani na sinia, hakuna anayeniona. Nilipeleka viatu kwa baba yake, nikamlalamikia binti kwamba naweza kufa mle jukwaani na watu wasijue. Akaniambia, niachie cha kushoto mpaka kesho."

"Nilitaka kumtania tu," mkewe akadakia. "Avae, alie kwiii mbele ya watu, aone aibu."

"Nikavaa, nikalia kwiii mbele ya watu. Ndiyo kazi yangu tangu siku hiyo. Akaniambia, ukirudi mwakani cha kulia kitakuwa tayari. Nikarudi."

"Hukurudi," mke wa Fundi akasema. "Nilikaa na kipande hicho nikakusubiri hata mvua zikaisha. Baadaye nikasikia kuna Bwana Guu, lakini enzi zetu wewe hukuitwa hivyo. Juzi usiku huyu mume wangu anakuja ananisimulia kwa fahari ametoa kidude cha ngozi mbili kwenye kiatu cha kushoto. Ndipo nikajua. Nikasema niende nikaone kwa macho yangu kama ni yeye."

"Nilirudi!" Bwana Guu akapiga benchi. "Nilikuja mpaka mlangoni. Nikamkuta kijana anachonga soli. Nikamuuliza binti yuko wapi. Akaniambia ameolewa, amehama, wala nisipoteze muda."

"Mwaka ule sikuwa nimeolewa na mtu!"

"Ndivyo alivyosema. Namkumbuka vizuri. Shati la buluu, na gumba la mkono wa kushoto limefungwa kitambaa. Alikuwa amejikata na kisu."

Mke wa Fundi aligeuza macho polepole kuelekea mkono wa kushoto wa mumewe. Mkono huo ulikuwa umeingia chini ya aproni.

"Hebu toa mkono."

"Unauma."

"Toa."

Akautoa. Kovu lilikuwa palepale, refu, jeupe, kutoka kwenye kucha mpaka kwenye kiungo.

"Ulimwambia nimeolewa," mkewe akasema. "Na nani?"

"Na mimi."

"Na wewe! Mwaka ule hata salamu ulikuwa hujanipa!"

"Nilikuwa najipanga."

"Miezi kumi na minne ulikuwa unajipanga?"

"Baba yako alikuwa mkali."

Bwana Guu alianza kutikisika mabega. Miaka tisa Fundi hakuwahi kumwona mtu huyu akicheka, jukwaani hacheki hata siku moja, na sasa alikuwa ameinamia chuma cha kupigia viatu, machozi yanamtoka, anajipiga paja.

"Kwa hiyo," akasema alipopata pumzi, "wewe ndiye uliyenifukuza. Kisha ukanishangilia mara kumi na moja. Kisha ukakinyamazisha kiatu changu. Shemeji, hebu chukua sindano, maana ukiendelea kunipenda hivi utanizika."

Fundi akachukua sindano. Hakuna fundi aliyewahi kushona kwa aibu kama ile. Mkewe alikichonga kile kipande cha kulia kikae kushoto, akakipaka utomvu mpya kwa kidole, bila kumwangalia. Fundi akakilaza ndani ya soli, akavuta uzi wa nta, akavuta tena, akagonga. Nje, mama wa mavazi alikuwa ameshafika na gari la kundi, anapiga honi kama ana ugomvi na mtaa mzima.

Bwana Guu akavaa. Akasimama. Akakanyaga.

Kwiii!

Kilikuwa chembamba kuliko cha zamani, chenye mkia kidogo mwishoni, kama swali. Wote watatu wakatazamana. Hata honi ilinyamaza.

"Hiki ni kizuri zaidi," Fundi akanong'ona.

"Najua," mkewe akasema. Akachukua mkoba, akamgeukia Bwana Guu. "Kaka, nisogezee nafasi garini."

"Na mimi?" Fundi akauliza.

"Wewe umepigwa marufuku," mkewe akasema, akipanda. "Mimi sijapigwa."

* * *

Saa kumi na mbili na nusu, jua likiwa bado juu ya mabati, Fundi alikuwa amesimama kwenye uchochoro wa pembeni ya ukumbi, sikio kwenye dirisha la chumba cha mavazi. Wimbo wa karamu ukaisha. Tajiri akapiga miayo. Taa zikashushwa.

Fundi akashika ukuta.

Kwiii!

Du!

Kicheko kilichotoka mle ndani kiliamsha njiwa kwenye paa. Fundi alihesabu kwa vidole. Wa pili. Kabla ya wa tatu akafumba macho, akaliona jicho la kushoto linapepesa kana kwamba amekaa safu ya kwanza. Kwiii! Du! Watu walikuwa wanapiga miguu sakafuni. Wa nne, wa tano, wa sita.

Kichwa cha mama wa mavazi kikachomoza dirishani.

"Meneja anacheka!" akapaza sauti. "Ameshika nguzo! Mpwa wake amekaa chini!"

Fundi akalia. Alilia bila aibu, akifuta kwa aproni ambayo alisahau kuivua. Wa saba ukapita. Sasa, kama kawaida, Bwana Guu angechukua barua mezani, angeificha kifuani, bendi ingepiga, pazia lingeshuka. Fundi aliijua kila pumzi ya sehemu hiyo.

Bendi haikupiga.

Badala yake ikasikika sauti ya karatasi inafunguliwa. Miaka tisa barua ile haikuwahi kufunguliwa jukwaani.

Na mtumishi asiyesema neno akasema.

"Mabibi na mabwana," ilikuja sauti ya Bwana Guu, kavu, bila haraka, "barua niliyozoea kuiba hapa ilikuwa karatasi tupu. Ya leo si tupu. Niliiandika miaka ishirini na mbili iliyopita, nikaipeleka mwenyewe kwenye duka la fundi viatu, nikaambiwa mwenyewe hayupo. Yupo. Yumo humu ndani, safu ya tatu. Namwomba asimame."

Ukumbi ukanyamaza. Ndani ya kimya hicho Fundi alisikia kiti kimoja kinajikunja kwa sauti, kama kiti kinachoachwa na mtu anayesimama.

Fundi alitazama mlango wa pembeni. Bawabu wa Meneja alikuwa amesimama hapo, mpana kama kabati, amegeuzia uso ndani, sikio wazi. Kati yake na Fundi palikuwa na ngazi sita za mbao.

Bwana Guu akakohoa kusafisha koo, tayari kusoma.

Fundi akainama. Akavua viatu vyote viwili.